Picha ya Mama Yako Inafutika

Zuhura mwanangu,

Desturi ya barua inataka nianze kwa kukujulisha kwamba mimi ni mzima, na wasiwasi wangu ni juu yako wewe uliye mbali. Nitayaandikaje hayo na wewe umelala nyuma ya pazia hili hapa, nakusikia unakoroma? Unakoroma, mama, usibishe, umerithi kwangu. Basi salamu tuziache. Barua hii nitaitia katikati ya khanga zako, chini kabisa, uikute treni ikishavuka Morogoro. Nataka uisome mahali ambapo huwezi kushuka ukarudi nyumbani kugombana nami.

Habari za kuchemsha maji, za chandarua, za kutolala na dirisha la treni wazi, shangazi yako amekwisha kukuambia mpaka umeziba masikio. Huko sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, na tangu magharibi nimelizunguka bila kulisema. Hata mbele ya wali wa kukuagia nilishindwa, nikajifanya nimepaliwa.

Leo asubuhi uliniambia, "Baba, mimi naondoka na picha ya mama." Hukuomba, ulinijulisha, na haki hiyo unayo, nami nikasema chukua. Ulipotoka kwenda kuagana na wenzako kule Mnazi Mmoja, nikaitungua ukutani ili nikufungie vizuri, nikaipeleka kibarazani kwenye jua nipanguse kioo. Lahaula! Zuhura, picha inafutika. Rangi ya chai imeanzia kwenye sikio la kushoto, imekula shavu lote, sasa imefika jichoni. Ukutani hatukuiona, maana dirisha letu lile linatazama ukuta wa jirani, na sisi tukipita pale hatuitazami picha, tunamwona mwenyewe.

Nyingine hakuna. Unajua kwamba hakuna na unajua kwa nini, nitayafikia hayo. Kwa hiyo kesho ninakufungia kwenye gazeti na kitenge uso ambao sidhani kama utakuwapo ukirudi likizo. Nilifikiria kukuficha habari hii. Nilifikiria pia kuibakiza nikuambie fremu imevunjika, nikupelekee baadaye. Nimeona hayo yote ni uongo wa kitoto, na mimi uongo wa kuupamba uso wa mtu nimeufanya sana kwenye kazi yangu, sitaki kukufanyia wewe.

Waswahili tumekwisha sema, kinyozi hajinyoi. Nimepiga picha nusu ya Kariakoo: maharusi, watoto wa arobaini, vijana wa picha za kadi ya chama wanaokodoa macho utadhani wamefumaniwa, wazee waliokuja na koti la kuazima. Mke wangu hakuwa na picha. Kila akitaja, namwambia kesho, filamu ni ya wateja. Ikaja Idi moja, jioni, wateja wamekwisha, kwenye kamera imebaki nafasi moja na mimi nina haraka ya kwenda kuisafisha filamu. Nikamwita, "Mwajuma, hebu simama hapo niimalize." Nguo za Idi alikwisha zivua. Alikuwa anatoka uani kuosha vyombo, mikono imelowa, akaificha nyuma. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiniuliza kwa nini mama hana mikono, ndiyo sababu. Nikabonyeza, wala sikumwambia acheke.

Na kwa nini inafutika? Wewe umekulia kwenye chumba cha giza, lakini ulikuwa unatazama picha zikitokea, hukuwa unatazama mabeseni. Dawa ya kwanza huitoa sura. Ya pili, hipo, huigandisha sura isibadilike tena. Hipo ikichoka haikuambii. Picha inatoka vizuri, inaning'inia kwenye kamba, inakauka, unaitia fremu, watu wanasifu, kumbe ugonjwa umo ndani unangoja. Na miaka ile dawa ilikwisha kuwa ya kutafuta kwa tochi. Hipo mpya niliwawekea wateja. Ya mama yako niliipitisha kwenye beseni la mwisho, lililokwisha osha maharusi wa wiki nzima. Nikajisemea, ah, hii ni ya nyumbani, siku moja nitairudia. Mke wangu alipata picha ya mwisho ya filamu na dawa ya mwisho ya beseni. Nimeyakumbuka hayo leo kibarazani na kitambaa mkononi, nikalia. Yule fundi cherehani aliyepanga chumba chetu cha studio akatoka akaniuliza, "Mzee, umefiwa?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Pole sana, lini?" Nikarudi kupangusa kioo.

Sasa ngoja nikukumbushe na yaliyokuwa mazuri, maana baya lilitokea humo humo.

Ulikuwa hujafika darasa la tatu. Mteja mmoja alikataa picha zake za harusi. Karatasi ilikuwa imepitwa na siku zake, picha zikatoka na ukungu: bwana harusi hana kichwa, bibi harusi ni doa jeupe. Alinitukana mbele za watu akaenda zake, na haki yake. Wewe ulikuwa umekaa chini ya meza. Ukaichukua moja, ukaigeuza juu chini, ukasema, "Baba, hapa kuna mtu amemwaga maziwa, sasa anaogopa kurudi kwao." Nikatazama. Wallahi nikamwona! Bwana harusi yule yule aliyenigharimu, sasa ni mtoto anayeogopa bakora. Nikakupa penseli, nikakwambia andika hapo nyuma, na nikasahau matusi.

Tangu siku ile nikawa naziharibu kwa makusudi. Filamu za watu ambao hawakurudi kuchukua picha zao zilikuwa zimejaa kwenye kopo. Nilikuwa nachukua moja, napandisha mashine ya kukuzia mpaka juu kabisa, naacha uso wote, nachukua pembe ya khanga peke yake, inatoka kama mashamba yanavyoonekana ukiwa mlimani. Au naisogeza karatasi wakati taa inawaka, mtu anayeyuka. Au dawa naipaka kwa brashi badala ya kuizamisha picha, sura inatokea mahali penye brashi tu, kwingine kweupe. Mara moja nilibandika filamu mbili pamoja, lile paa la soko jipya na mzee wa kadi ya chama, mzee akaota miavuli ya zege kichwani. Ulicheka mpaka ukapata kwikwi. Karatasi nilikuwa natumia vipande, ncha nilizokata kwenye kazi za wateja, maana hata mchezo wetu ulikuwa wa makombo.

Masharti uliyaweka wewe. Nisikwambie ilikuwa picha ya nini mpaka umalize kuandika. Na mtu asiulize "hiki ni nini?" Aulize "hapa kumetokea nini?" Ulikuwa na miaka tisa, na mimi mpaka leo sijui uliyatoa wapi hayo. Mimi mtu mzima nikitazama nauliza la kwanza, na jibu lake ni pindo la khanga, basi, habari imekwisha. Wewe ukiuliza la pili watu wanaanza kutembea.

Unaikumbuka ile ya foleni? Niliwapiga picha watu waliopanga foleni ya unga kwenye duka la ushirika, kwa nyuma, halafu nikaitikisa mpaka ikawa mistari tu, myeusi na myeupe. Ukaandika kwamba ni mto uliosimama, umeambiwa ungoje zamu yake ya kuingia baharini, na mbele yake ipo mito yenye jamaa zake ndani ya bahari. Nilicheka kisha nikaogopa. Nikakwambia hiyo usiipeleke shule. Mama yako akasema, "Kwani mtoto kasema uongo?"

Mama yako ndiye aliyekuwa msomaji wako, mimi nilikuwa mpiga chapa. Alikuwa anakwenda kisomo cha watu wazima pale kwenye tawi la chama, jioni, na wenzake wamejifunga khanga wanakariri silabi. Kitabu alichopewa kilikuwa kinaeleza kilimo cha pamba. "Mimi na pamba wapi na wapi," alisema, "nikilala kwenye godoro la pamba nitashukuru." Akaanza kujifunzia kwenye mgongo wa picha zako. Anasoma kwa kidole, pole pole, midomo inatikisika, akifika mahali anakuita, "Zuhura! Njoo hapa. Huyu mtu juzi ulisema hana miguu, leo amekwendaje Gerezani?" Nawe unakimbia na ufutio. Nimeona watu waliosoma sana wakizisifu hadithi zako, wamekuja mpaka walimu. Hakuna hata mmoja aliyekushika uongo kama yeye.

Kisha homa ile ya siku chache. Sitaiandika. Ulikuwapo.

Nitaandika matanga, kwa sababu wewe ulikuwa ndani na wanawake, ukasikia kelele tu, ukaja ukasimulia ulichosimuliwa. Asubuhi ya pili alikuja Masanja, jirani yetu wa karakana ya reli. Yeye Msukuma, sisi Wazaramo, watani tangu enzi za wapagazi, nani asiyejua. Akaingia uani analia kilio cha uongo, amejifunga khanga ya mama yako aliyoitungua kwenye kamba, anatembea kwa mwendo wake ule wa kuvuta kandambili. "Jamani nimerudi! Huko wamenikataa, wamesema mume wangu hajalipa kodi!" Watu waliokuwa wanalia wakacheka. Shangazi yako mwenyewe alicheka, machozi yanamtoka. Ndiyo kazi ya mtani, anakuja kukubeba pale ambapo ndugu wote wamelegea.

Kisha akaingia sebuleni akaitungua picha ukutani. "Nimemteka huyu. Mnikomboleeni! Sukari, nusu kilo, la sivyo anakwenda Usukuma kuolewa." Sukari, Zuhura, katika mwaka ule! Watu wakaangua kicheko. Kilichotakiwa kwangu kilikuwa kidogo sana. Hata kijiko kimoja kingetosha, hata maneno. Ningesema sukari imekwenda kumtafuta dada yake chumvi, angeyapokea, angeirudisha picha na mambo yangeendelea.

Nilimpiga kofi. Mtani, ndani ya msiba, mbele ya mashehe. Nikamnyang'anya picha nikamfukuza. Masanja akaivua khanga ile akaikunja vizuri akaiweka juu ya mkeka, akatoka. Mzee mmoja akanishika bega, akaniambia, "Sasa umebaki na maiti peke yako, bwana." Aliniambia kweli kabisa. Wote waliobaki baada ya hapo walikuwa wageni waliokaa kimya.

Na mtu akishabaki peke yake anafanya mambo. Baada ya arobaini nilijifungia kwenye chumba cha giza na kile kipande cha filamu chenye mama yako. Nilitaka kumchapa upya, mkubwa. Nikakiweka kwenye mashine, uso ukatokea pale mezani chini ya taa, nikashindwa kuutazama. Nikafikiri, kwa akili yangu ya siku zile, kwamba tukimfanya kama wale wengine, akawa mashamba, akawa mto, wewe utamwandika, na ukimwandika atatembea. Nilikwisha kuona mara nyingi watu wanatembea mikononi mwako. Ikanijia ile mbinu niliyokuwa nazifanyia filamu za kwenye kopo, ya kuzitia kwenye maji ya moto ngozi yenye sura ikunjane. Nikachemsha maji kwenye jiko la mchina. Sikungoja yapoe hata kidogo. Zuhura, ilibanduka ngozi yote kama utando wa maziwa, ikabaki plastiki tupu pembeni na makunyanzi katikati. Nilichapa makunyanzi hayo. Nikakuletea, nikakwambia, "Haya, mama, hapa kumetokea nini?"

Uliitazama sana. Ukaniuliza, "Baba, mama yuko wapi humu?" Halafu ukaweka kalamu chini, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Tangu siku ile hujaandika tena kitu isipokuwa mitihani.

Sikuwahi kukuomba radhi. Nilikuwa nangoja uandike tena ili nijue yameisha. Nilikuwa naacha vipande vya picha mezani makusudi, napita, nakuta vipo vile vile, umeviwekea kikombe juu. Wiki iliyopita ukajaza zile hadithi zako zote kwenye kapu ukasema nimpe muuza karanga afungie. Nilimpelekea, usidhani nilikuwa na ubavu wa kukataa. Akajaribu moja, akajaribu nyingine, akanirudishia: "Mzee, karatasi yako ngumu, haikunjiki, karanga zinamwagika." Nilikaa pale kwenye kona nikacheka peke yangu mpaka akina mama wauza ndizi wakaanza kunong'ona. Kapu lipo chini ya kitanda changu. Sikupi ulibebe. Ukilihitaji utaniambia.

Leo baada ya kuiona picha ile nimezunguka mji mzima. Kama ningepata filamu, hata nafasi moja, ningeipiga picha hiyo picha, nikaokoa nusu iliyobaki. Nilianzia maduka ya Posta, kabati za vioo zimepangwa makopo matupu kwa ajili ya pambo. Nikaenda Gerezani, wanauza vipuri vya lori. Kijana mmoja pale sokoni, mlanguzi, akaninong'oneza kwamba anayo. Tukaingia uchochoroni, akafungua gazeti, ni filamu ya eksirei ya kifua. Nikamwambia mwanangu, hii imekwisha kupigwa, kifua cha mtu kimo ndani. Akasema, "Kwani mzee wewe unataka kifua cha nani?" Ningekuwa kijana ningecheka. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikakuta umekaa kibarazani unashona kifungo, ukaniambia "Shikamoo baba, ulikuwa wapi na jua lote hili?" nikasema nilikwenda kunyoosha miguu.

Nilipita na kwa kina Masanja. Sikuingia. Najua unajua kwamba alikufa mwaka jana, lakini hujui nilivyokuwa siku ile, nami nataka ujue kwa sababu ya huko uendako. Nilikwenda mazikoni. Sisi ndio watani wake, na mtaa huu Mzaramo aliyemkaribia kuliko wote ni mimi. Mimi ndiye niliyepaswa kuingia kaburini nikalala, nikasema hili shimo ni langu, mtafutieni lingine, mpaka wanilipe. Mkewe alikuwa ananitazama. Alinitazama tangu jeneza linatoka ndani. Alikuwa ananingoja, Zuhura, alikuwa amenisamehe pale pale, bado tu nifungue mdomo. Nikasimama na kofia mkononi kama karani wa serikali. Masanja akazikwa kimya, hakuna aliyecheka, na mimi nikaondoka kabla ya chai.

Basi wewe unakwenda kufundisha Shinyanga, kwao Masanja. Utashuka tu wataanza. Watasema Mzaramo amekuja, fungeni kuku, wekeni ngoma mbali asije akaacha kazi akacheza. Watakufichia kiatu. Ukifiwa, na siku moja utafiwa, nami ndiye nitakayekuwa nimekufia, watakuja wamevaa kofia yangu na kukohoa kikohozi changu. Wacheke nawe, mama. Wape wanachotaka, hata kama ni kitu cha mwisho ndani ya nyumba. Sijui kukupa wosia mwingine wowote wa maisha, na huu wenyewe nimeulipia ghali.

Kuhusu picha. Usiitundike. Mwanga unaiharakisha. Ifunge kwenye kitambaa cheusi uiweke chini ya nguo, uitoe mara chache chache. Hilo litaichelewesha tu, halitaiponya, na mimi sitakudanganya kwamba nikipata dawa nitakutumia. Dawa hakuna. Studio hakuna. Ile mashine ya kukuzia nimeiuza, ulidhani nimeiazimisha. Kuna siku nakaa kibarazani naona watu wanapita wanakwenda sokoni, nyuso na nyuso, najua taa ningeiweka upande gani kwa kila mmoja, na mikono yangu iko mapajani haina kazi. Sina matumaini yoyote ya kukupa kutoka nyumba hii. Ningekuwa nayo ningekufungia.

Lakini nina ombi. Nimelijaribu kwanza mwenyewe kabla sijakuandikia. Niliigeuza picha ikatazama ukuta, nikachukua karatasi nikaandika: Mwajuma alikuwa maji ya kunde, mfupi, ana mwanya. Sauti yake nzito kidogo kwa mwanamke. Nikakwama. Pua ilikuwaje? Nyusi zilikuwa nene au nyembamba? Miaka yote ile kitanda kimoja, na kazi iliyonilisha ni kutazama nyuso za watu! Nikaigeuza picha nikachungulia kama mwizi wa mtihani. Kwa nyusi, moja ipo. Kwa pua, rangi ile ya chai imekwisha ingia. Sikumbuki, Zuhura. Ninachokikumbuka ni picha, na picha ndiyo hiyo.

Wewe ulimtazama. Ulikuwa umekaa mbele yake anasoma kwa kidole, unangoja akukamate uongo, macho hayabanduki usoni kwake. Nusu unayo hapo kwenye fremu na nusu unayo kichwani. Mwandike. Usimgeuze mto, usimgeuze mashamba, usiulize kumetokea nini, tunajua kilichotokea. Safari hii uliza lile swali langu la kijinga, hiki ni nini, na ujibu kwa maneno ya kawaida: hii ni pua, iko hivi, hili ni sikio, limetobolewa mara mbili au mara tatu. Kama hutaki kuandika tena kitu kingine maishani, sitakusumbua. Andika hicho kimoja.

Na usikiandike kwa ajili ya wajukuu, kama watu wanavyosema. Kiandike kwa ajili yangu. Barua yako ya kwanza isinieleze kama umefika salama, iniletee uso wake. Mimi kifua hiki unakisikia mwenyewe. Wanasema tutakutana huko, kila mtu na wake, na mimi naamini. Ila siku hizi nikiwaza kukutana naye naingiwa na hofu, mwanangu, hofu ambayo sijawahi kumwambia mtu. Naogopa nitampita bila kumjua.

Mimi baba yako.